Kuomba na Kuishi Kwenye Programu ya Onazi Chuoni Marekani: Mwongozo kwa Vijana Wetu na Wazazi Wao

Kila mwaka, kuanzia Agosti hadi Novemba, meza yetu ya chakula hapa Maryland haina nafasi ya sahani. Watoto wa majirani, wa kanisani, wa madrasa, wa marafiki wa mama, wanakuja na laptopu zao tukae tupitie maombi ya chuo. Wengine wamezaliwa hapahapa, Kiswahili wanakisikia lakini wanajibu kwa Kiingereza. Wengine wamefika juzi tu kutoka Nairobi, Uvira au kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Na haupiti mwaka bila mmoja wao kuniambia kwa sauti ya chini kwamba mwalimu amemshauri aombe "onazi" (kwa Kiingereza, honors), naye hajui ni kitu gani, wazazi wake hawajui, na shuleni anaona haya kuuliza.

Nimeandika haya kwa ajili yake, na kwa mama na baba yake. Mimi mwenyewe niliishi kwenye bweni la programu ya namna hiyo, nikasoma hadi nikamaliza, na naamini hakuna kitu chuoni kilichonifaa kuliko watu niliokaa nao korido moja. Ndiyo maana utaniona nazungumzia nyumba na majirani zaidi ya cheti.

Kwanza, jua unaomba nini

Neno lenyewe linatuchanganya. Kwetu mtu akisema amepata onazi, anataja daraja la shahada yake: la kwanza, au la pili la juu. Na tukisema shahada ya heshima, tunafikiria ile wanayovishwa marais na wasanii bila kukaa darasani. Onazi ya Marekani haimo katika hayo mawili. Ni programu, na pengine ni chuo kidogo ndani ya chuo kikuu, unayojiunga nayo mapema na kusoma humo pamoja na kozi zako za kawaida. Unapata semina za watu wachache, mshauri anayekujua kwa jina, nafasi ya kufanya utafiti, na mara nyingi mwisho wake ni tasnifu. Ikiwa ni ya kuishi na kusoma pamoja, wanafunzi wa programu mnalala bweni moja, na baadhi ya semina zinafanyika ghorofa ya chini ya hapohapo mnapolala.

Mzazi aliyekulia Tanzania nikimwambia "fikiria Ilboru au Mzumbe", anaelewa haraka: shule ya vipaji maalumu, bweni, wenzako wote wanapenda kitabu. Mfano huo unafaa hadi hapo tu. Ilboru mtoto alichaguliwa kwa alama za mtihani. Hapa alama zinakufikisha mlangoni, na kinachokuingiza ndani ni namna unavyofikiri, jambo ambalo watalisoma kwenye insha yako.

Wazo hili lina miaka mingi. Frank Aydelotte, aliyekuwa amesoma Oxford, alianzisha onazi katika chuo cha Swarthmore mwaka 1922. Mwaka 1927 Alexander Meiklejohn akafungua Experimental College katika Chuo Kikuu cha Wisconsin: vijana na walimu wao katika jengo moja, mwaka wa kwanza wakisoma Athens ya kale, wa pili wakisoma Marekani yao wenyewe. Chuo hicho kilifungwa mwaka 1932, lakini kila bweni la kuishi na kusoma unaloliona leo lina damu yake.

Mifano mitatu ikusaidie kuona jinsi programu zinavyotofautiana. Chuo Kikuu cha Maryland pale College Park kina chuo cha onazi chenye programu kadhaa za kuishi na kusoma. Mojawapo ni Gemstone, ambako mnaunda timu, mnachagua tatizo, mnalitafiti pamoja kwa miaka minne mkiwa na mwalimu mlezi, na mwaka wa mwisho mnaitetea tasnifu mbele ya jopo la wataalamu. Arizona State ina Barrett, iliyoanza mwaka 1988, na kampasi yake ya Tempe ina mabweni, madarasa na bwalo lake la chakula. Mwaka wa kwanza kila mtu huko anasoma semina ya mihula miwili iitwayo The Human Event, akianzia maandishi ya kale kabisa. Penn State ina Schreyer, ambako lazima ulinde wastani wa alama usishuke chini ya 3.40 kati ya 4.00 na uandike tasnifu. Zote tatu ni onazi, lakini maisha ya ndani ni tofauti kabisa, na kosa kubwa ninaloliona ni kijana kuomba zote kwa insha moja.

Chagua kama mtu anayetafuta nyumba

Kabla hujaandika neno, chukua daftari, andika majina ya vyuo unavyofikiria, na mbele ya kila kimoja tafuta majibu ya maswali haya. Yasipopatikana kwenye tovuti, wapigie simu ofisi ya programu. Wanapokea, na hawakuhesabii swali kuwa la kijinga.

Je, fomu ya onazi ni ya peke yake, au chuo kinakuzingatia chenyewe ukishaomba kujiunga? Barrett na Schreyer wana fomu yao. Maryland hawana: unaomba chuo kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi ya mapema, Novemba 1, na wao ndio wanaokualika. Kijana mmoja niliyemsaidia aliisubiri "fomu ya onazi" ya Maryland hadi Desemba, na fomu hiyo haipo.

Je, kuna ada ya ziada? Programu nyingine hutoza ada kila muhula juu ya karo, na bweni lake linaweza kuwa ghali kuliko mabweni mengine ya chuo. Hili liulize waziwazi. Namjua binti aliyekubaliwa mahali akafurahi, familia ikachangishana, bili ya Agosti ikaja na mstari ambao hakuna aliyewatajia. Kiasi chenyewe hakikuwa cha kutisha, lakini kwa mama anayefanya zamu mbili za usiku kwenye nyumba ya wazee, hela hiyo ilikuwa ya umeme.

Je, kuishi bwenini ni lazima, na kwa miaka mingapi? Kama unategemewa nyumbani kulea wadogo zako jioni, au mnakaa karibu na chuo na mpango ulikuwa uokoe kodi, jibu la swali hili ndilo litakaloamua yote. Zungumzeni kama familia mapema. Wapo wazazi wanaoona mtoto kulala chuoni wakati nyumbani ni mwendo wa dakika ishirini ni kama kuwakimbia. Mweleze mzazi wako kwamba hapa bweni ni sehemu ya masomo, kisha mpeleke akalione. Siku za wazi zipo. Mama yangu alikubali siku alipoiona meza ya kusomea kule chini, imejaa watoto saa tatu usiku na hakuna anayewasimamia.

Mengine ni ya kupitia haraka: tasnifu ni lazima au hiari; mwanafunzi wa uhandisi au uuguzi ana nafasi kwenye ratiba yake ya kusoma semina hizo; alama zikishuka unapewa muhula wa kujirekebisha au unatolewa moja kwa moja.

Kisha tafuta mwanafunzi anayeishi humo sasa hivi, umuulize kitu kimoja: "Jana usiku ulikuwa wapi, na nani?" Jibu lake litakuambia mengi kuliko kitabu cha picha chenye majani mekundu ya Oktoba.

Kalenda

Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi kwa fomu moja, hufunguliwa Agosti 1. Mwezi huo fungua akaunti, orodhesha vyuo, uone kila kimoja kinataka insha ngapi. Septemba waombe walimu barua za mapendekezo. Fomu ya msaada wa fedha, FAFSA, kwa kawaida hufunguliwa Oktoba 1. Novemba 1 ni tarehe ya mapema ya vyuo vingi, na programu nyingi za onazi huangalia walioomba mapema kwanza, nyingine hawaangalii wengine kabisa. Majibu huja kati ya Desemba na Machi au Aprili. Mei 1 ndiyo siku ya kawaida ya kutoa neno lako la mwisho.

Mfumo ukisema saa 5:59 usiku, usingoje saa hizo. Tuma siku tatu kabla. Nimekaa na mtoto anayelia mbele ya skrini inayozunguka, na sitaki kukaa hivyo tena.

Walio nyumbani Afrika Mashariki wana kalenda hiyohiyo, ila waongeze mtihani wa Kiingereza kama TOEFL, IELTS au ule wa Duolingo, na baada ya kukubaliwa, mlolongo wa I-20 (hati ya chuo ya kuombea viza ya mwanafunzi), ada ya SEVIS (mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni), fomu ya DS-160 ya maombi ya viza, na mahojiano yenyewe. Masharti ya viza hubadilika, na kwa baadhi ya nchi zetu hubadilika ghafla, kwa hiyo yasome kwenye tovuti ya ubalozi wenyewe mwezi huo unaoomba. Ushauri wa EducationUSA, mtandao wa serikali ya Marekani wa kuwashauri wanaotaka kusoma huko, Nairobi na Dar es Salaam, ni wa bure. Anayekudai fedha ili "akuunganishe", mkimbie.

Insha, na hapa tukae

Insha kuu ya Common App ina ukomo wa maneno 650. Programu ya onazi mara nyingi huongeza moja au mbili za kwake, na maswali yake yanafanana: ni jambo gani linakusumbua akili, umewahi kubadili msimamo kuhusu nini, ungepewa mwaka mzima ungetafiti nini.

Watoto wetu wanafanya kosa moja kwa nia njema. Wameambiwa na kila mtu kwamba historia yao inavutia: vita, kambi, kufiwa, kuvuka mipaka. Basi wanaandika majonzi kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Sisemi uyafiche. Ni maisha yako, na ni haki yako kuyasimulia au kuyanyamazia. Lakini msomaji wa onazi anatafuta mtu wa kukaa naye mezani saa mbili akijadiliana. Akimaliza kusoma akakuonea huruma bila kujua unafikirije, hujamwambia anachohitaji.

Nikupe mfano. Kijana mmoja, familia yake ilitoka Kivu Kusini ikakaa Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa hapa. Rasimu yake ya kwanza ilianza, "Nimeteseka sana katika maisha yangu." Nikamwuliza, "Kambini ulikuwa unafanya nini mchana?" Akasema kama jambo dogo tu, alikuwa akichaji simu za watu kwa paneli ya sola ya mjomba wake. Nikamwuliza simu ngapi kwa siku. Hapo macho yake yakabadilika. Akaniambia siku ya jua kali zinatosha nyingi, masika zinapungua zaidi ya nusu, na tatizo halikuwa mvua, lilikuwa vumbi kiangazi: paneli ikiwa na vumbi, simu inachukua muda mrefu kujaa kuliko hata siku ya mawingu mepesi. Alikuwa ameanza kuandika kwenye daftari saa ya kuchomeka na saa ya kuchomoa, akipangusa paneli siku moja na kuiacha siku inayofuata, alinganishe. Hakuna mwalimu aliyemwagiza. Alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Nikamwambia: andika hilo daftari. Akaandika. Kambi ikabaki kwenye insha, mjomba akabaki, hata majonzi yakabaki katika sentensi moja kuhusu simu ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Ila aliyesimama katikati sasa alikuwa kijana anayepima kitu kwa sababu anataka kujua. Alialikwa.

Kwa hiyo kabla ya kuandika, jiulize: ni lini nilifuatilia jambo ambalo hakuna aliyeniamuru? Linaweza kuwa dogo sana. Kwa nini bibi anatabiri mvua na anapatia. Kwa nini Kiswahili cha baba wa Lubumbashi na cha mama wa Tanga kinagongana mezani. Nani hupanga njia za basi la mtaa wenu, na kwa nini halipiti kwenye jengo lenu. Andika ulichoona, ulichodhani, ulipokosea, na swali lililobaki. Swali lililobaki lisiogopwe. Insha inayomalizika kwa jibu la kila kitu inanukia uongo.

Usiandike Kiingereza cha kuvaa suti. Watoto wetu wengi wanatafuta neno refu kwenye simu wakiamini ndilo la msomi. Soma insha kwa sauti mbele ya mdogo wako. Pale anapokunja uso, rekebisha. Na usimpe mashine ikuandikie. Wasomaji wanasoma maelfu, na sauti isiyo ya mtu wanaisikia. Juu ya hayo, utaingia semina ambako watataka kumsikia aliyeandika ile insha, naye hatakuwepo.

Barua za mapendekezo hazihitaji maneno mengi. Mwombe mwalimu aliyekuona ukihangaika na jambo, hata kama hukupata A kwake. Mpe mwezi mzima, mwandikie nusu ukurasa wa kumkumbusha kazi uliyofanya darasani mwake, na ukishajibiwa na chuo, rudi umwambie na umshukuru.

Fedha

Kukubaliwa onazi si kupewa ufadhili. Vyuo vingine huambatanisha, vingine havina hata senti. Raia, mwenye kadi ya kijani na mkimbizi aliyepokelewa kisheria hujaza FAFSA, ambako ruzuku ya Pell (fedha za serikali kwa wenye kipato kidogo, zisizorudishwa) na mikopo ya serikali huanzia. Mzazi anafungua akaunti yake mwenyewe kwa barua pepe yake mwenyewe. Usimfungulie kwa barua pepe yako ili kurahisisha, mtakwama wote wawili. Mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi wa kigeni, hana FAFSA. Yeye atafute ufadhili wa chuo chenyewe, baadhi ya vyuo huomba CSS Profile, fomu nyingine ya kueleza hali ya fedha ya familia, na kazi anaruhusiwa ndani ya kampasi, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula.

Ada ya maombi inaweza kusamehewa kwa familia yenye kipato kidogo. Kwenye Common App kuna sehemu ya kuomba msamaha huo. Weka tiki. Nimeona mtoto akifuta vyuo vitatu kwenye orodha kwa sababu ya ada ambayo hakupaswa kulipa.

Ukikosa nafasi mara ya kwanza, bado kuna mlango mwingine. Programu nyingi hupokea wanafunzi baada ya muhula mmoja au miwili chuoni, na vyuo vya jamii vya miaka miwili navyo vina onazi zao, ambazo husaidia sana ukihamia chuo kikuu. Wawili kati ya rafiki zangu wa bwenini waliingia kwa mlango huo, na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Siku ya kuhamia

Beba shuka za kitanda kirefu, kwa sababu magodoro ya mabweni mengi ni marefu kuliko ya kawaida. Beba ndala za bafuni, blanketi moja zito, na dawa unazozitumia zikiwa na karatasi ya daktari. Kanga au kikoi kitakufaa kuliko unavyodhani, maana bafu liko mwisho wa korido. Udi, ubani na mishumaa acha nyumbani: vimekatazwa karibu kila bweni, na kitambua moshi hakijui harufu nzuri. Hata jiko dogo la umeme usilete kabla ya kusoma orodha ya vilivyoruhusiwa.

Wiki ya kwanza wewe na mwenzako wa chumbani mtapewa karatasi ya makubaliano: taa zizimwe saa ngapi, wageni, usafi, chakula cha nani ni cha nani. Wengi wetu tumelelewa tusianze ugomvi, basi tunaandika "sawa" kila mahali. Usifanye hivyo. Kama unaamka alfajiri kuswali, sema. Kama kulala na simu ya mtu inayolia kunakunyima usingizi, sema. Mwenzangu alikuwa mtoto wa pekee kutoka Pennsylvania, hajawahi kugawana chumba na mtu. Mimi nilikuwa nimelala na dada zangu watatu maisha yangu yote, nikachukua sweta lake siku ya baridi kama ambavyo ningechukua la dada. Alikaa siku nne bila kunisemesha. Msimamizi wa korido, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, ndiye aliyetukalisha kitako. Baadaye tulikaa chumba kimoja miaka miwili.

Anayefunga Ramadhani au anayehitaji nyama halali aende ofisi ya bwalo mapema, wiki kadhaa kabla. Vyuo vingi hupanga chakula cha daku cha kubeba, lakini lazima waombwe. Na angalia kalenda ya kufungwa: mabweni mengi hufungwa kati ya Desemba na Januari. Kama nyumbani ni Bujumbura au Mombasa, huwezi kuamua tarehe 15 Desemba utalala wapi.

Semina

Tulikuwa kumi na tano kuzunguka meza moja. Profesa aliuliza swali, akanyamaza, akangoja. Kwetu kimya cha mwalimu ni onyo. Hapa kilikuwa karibisho, na mimi sikujua. Wenzangu wakaanza kuzungumza, wengine wakimkatiza mwenzao, mmoja akamwambia profesa kwamba hakubaliani naye, na profesa akatabasamu. Mimi niliinamisha macho, kama nilivyofunzwa kufanya mbele ya mkubwa. Wiki tatu sikutoa neno.

Aliniita ofisini. Nilikwenda nikitetemeka. Akaweka karatasi zangu mezani akaniambia, "Maandishi yako yana maswali mazuri kuliko yote niliyoyasikia darasani. Mbona mimi siyasikii kwa sauti yako?" Nikamweleza kuhusu macho na adabu. Hakuwa akijua. Yeye alidhani nimechoshwa na somo.

Kutoka siku hiyo nilifanya jambo moja ambalo sasa namfundisha kila kijana. Kabla ya kuingia semina, andika swali moja kwenye kadi. Moja tu. Liseme ndani ya dakika kumi za mwanzo, kabla moyo haujaanza kwenda mbio. Lisiwe la kuonyesha ulivyosoma, liwe lile ambalo kweli hujaelewa. Baada ya mwezi hutahitaji kadi. Na unapomsikiliza profesa, mtazame. Si utovu wa adabu hapa, ndivyo wanavyojua kwamba upo naye.

Saa za ofisi nazo si adhabu. Ni muda uliotengwa mlango uwe wazi, na usipoutumia unapita bure. Nenda hata kama huna shida, mwezi wa kwanza, ukiwa na swali moja.

Yanayofundishwa jikoni

Bweni letu lilikuwa na jiko ghorofa ya chini, na Jumapili nilikuwa nikishuka na unga wangu. Siku moja jirani anayesoma kemia akasimama akiniangalia nikiukanda, nikaufunika na kitambaa, nikakaa. "Unangoja nini?" Nikasema unga unapumzika. "Unapumzika kutokana na nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepumzisha unga wa chapati tangu nina miaka minane kwa sababu mama alisema. Akavuta kiti, akaanza kunieleza jinsi protini za ngano zinavyoshikana unapokanda na kulegea unapoacha. Nikamwonyesha kwa nini napaka mafuta, nakunja, nasokota, nakandamiza tena, naye akasema, ah, unatenganisha tabaka. Tuligawanya donge mara mbili: nusu tukakaanga bila kupumzisha, ikagoma kusukumika, ikajivuta kurudi kama raba. Nusu ya pili ikatandazika hadi ukingo wa kibao. Ilikuwa saa nne usiku, tuna mtihani kesho yake, na watu saba wamesimama na chapati mkononi wakibishana kuhusu maji ya moto na ya baridi.

Jirani yule ndiye aliyesoma rasimu ya kwanza ya tasnifu yangu miaka mitatu baadaye, ukurasa kwa ukurasa, ingawa haikuhusu kemia hata kidogo. Kwa hiyo acha mlango wako wazi jioni, angalau mwezi wa kwanza. Usijifungie na video za nyumbani kila usiku, hata upweke ukikubana, na utakubana, hasa Novemba jua linapozama kabla ya saa kumi na moja na nusu. Mpigie mama, ndiyo, kisha shuka chini.

Ukiona upweke umekuwa kitu kizito, huli, hulali, huingii darasani, nenda kituo cha ushauri nasaha cha chuo. Ni siri, na si wazimu. Sisi tuna tabia ya kuvumilia hadi tuanguke.

Alama zikishuka, na tasnifu

Muhula wa kwanza alama za wengi hushuka, kwa kuwa sasa uko kati ya waliokuwa wa kwanza makwao. Soma barua ya onyo hadi mwisho kabla ya kuificha, kwa maana ndani yake huwa na tarehe ya kukutana na mshauri. Waulize pia kama kozi ya kawaida inaweza kuhesabiwa onazi kwa mkataba kati yako na profesa wa kozi hiyo: unafanya kazi ya ziada mliyokubaliana, nawe unahesabiwa. Barrett wana utaratibu huo, na wengine wengi. Na kama mwisho wake ni kuiacha programu, digrii yako ipo palepale. Mzazi asimwambie mtoto amefeli.

Tasnifu ianze mwaka wa pili, kwa kutafuta mtu. Usimtumie profesa barua ndefu ya kumsifu. Mimi niliandika hivi, na bado nawapa wengine kama kielelezo, waitafsiri kwa maneno yao:

"Profesa, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa onazi. Nilisoma makala yako kuhusu masoko ya mitaani, na swali moja halijanitoka: kwa nini wauzaji hurudi palepale wanapofukuzwa, hata wakipewa eneo jingine? Mama yangu aliuza samaki sokoni miaka kumi na mmoja, na alifanya hivyohivyo. Ningependa kuja saa zako za ofisi Jumanne tuzungumze dakika kumi na tano."

Usipojibiwa ndani ya wiki moja, mwandikie tena kwa mistari miwili. Wiki ya pili, nenda ukagonge mlango.